Mkusanya choo wa Kishapu aliyeweka chake rehani

Saa moja kasoro robo asubuhi, Mageni Ngassa amechuchumaa nyuma ya nyumba moja ya tofali za udongo katika kitongoji cha Mwanguyu, wilayani Kishapu. Yuko ana kwa ana na mtoto wa miaka mitatu aliyekalia poti ya kijani. Mkononi ana kijiko cha plastiki. Usoni ana sura ya mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne.

Mtoto anaitwa Ndaki. Naye anamtazama Mageni, na haoni sababu ya kuharakisha.

"Ndaki, baba, jitahidi kidogo," anabembeleza Mageni.

Ndaki anatafakari. Kisha anaomba michembe.

Mama yake, Nelly, anamletea viazi vikavu kwenye bakuli huku akitikisa kichwa. Anasema kwa miezi miwili tumbo la mtoto huyu lilikuwa halijui breki. Usiku na mchana ni kufua. Leo, siku pekee ambayo mradi mzima wa utafiti unamsubiri yeye, amefunga duka.

Pembeni, juu ya kigoda, ameketi bibi yake Ndaki, Serafina, mwenye umri unaokaribia miaka sabini. Yeye ni shahidi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kitakachoingia kwenye kopo kimetoka kwa Ndaki na si kwa kiumbe kingine chochote cha nyumba hiyo. Yanayomfanya awepo hapo ndiyo simulizi yenyewe.

Mageni, mwenye miaka 36, ana vikopo thelathini ndani ya deli lake la bluu. Anatakiwa kuwa na thelathini na kimoja. Gari la mradi litapita saa kumi jioni. Likiondoka na pungufu, Mwanguyu inafutwa kwenye utafiti, watoto wake hawapimwi, na Mageni anarudi Ngokolo, mjini Shinyanga, kumweleza mkewe kwamba amepoteza ajira kwa sababu mtoto fulani hakujisikia.

Kazi yake, ukiisema kwa heshima, ni mkusanya sampuli. Ukiisema kama watoto wa vijiji anavyopita, yeye ni Baba Kopo.

Kila juma hupanda pikipiki na kuzunguka nyumba zenye watoto chini ya miaka mitano. Huchukua choo cha mtoto kiasi cha punje ya haragwe, kinyesi cha ndama wa nyumba hiyo, na chupa ya maji ya lambo wanalochota. Vyote huingia ndani ya deli lenye barafu na kupelekwa maabara.

Kinachotafutwa humo kinaitwa kriptosporidiamu. Ni kimelea kidogo kiasi kwamba ukipanga mia mbili mstari mmoja, ndipo upate milimita. Hukaa tumboni mwa watu na mwa mifugo, hasa ndama, na kikimpata mtoto mdogo humwendesha hadi abaki macho na mbavu. Dawa ya klorini inayotiwa kwenye maji, ambayo wadudu wengi huikimbia, chenyewe huioga tu. Kinachokiweza ni maji kuchemka.

"Nikiwaambia watu jina lake, wanadhani ni mchezaji mpya wa timu ya Ulaya," anasema Mageni.

Kabla ya kazi hii alikuwa akichekecha mchanga wa watu huko nje ya Mwadui, akitafuta almasi zilizopona macho ya wengine. Alichekecha miaka minne. Alipata malaria mara sita na almasi mara sifuri.

"Nilikuwa natafuta kitu kidogo ndani ya uchafu, sikukipata," anasema. "Sasa natafuta kitu kidogo zaidi ndani ya uchafu zaidi, na nakipata kila wiki. Halafu nalipwa laki nne na nusu kwa mwezi. Mungu ana mipango yake."

Kazi ina misukosuko. Deli lake linafanana sana na la wauza lambalamba, kwa hiyo kila kijiji anachoingia kwa mara ya kwanza hupokewa kwa shangwe na watoto wanaolia akiondoka. Wapo waliomfuata nusu kilomita wakiwa na sarafu mkononi.

Mwaka jana, kwenye mnada wa Mhunze, aliliacha deli juu ya pikipiki akaenda kununua maji. Aliporudi halikuwepo. Alizunguka mnada mzima hadi miguu ikawaka moto, akitafuta namna ya kuripoti wizi huo bila polisi kucheka. Baada ya saa moja, kijana asiyemjua alikuja na deli kichwani, akaliweka chini taratibu, akamshika bega.

"Kaka," kijana akamwambia, "una matatizo gani?"

Akaondoka bila kusubiri jibu. Mageni anasema alihesabu vikopo, vyote vilikuwepo, na kimoja kilikuwa kimefunguliwa na kufungwa tena kwa haraka sana.

Mradi una upande mwingine huko Geita, kwenye vitongoji vya wachimbaji wadogo, na Mageni hukaa huko wiki moja kila mwezi. Huko hakuna anayeogopa kutoa. Wachimbaji humuita kwa mbali na kumuuliza kama leo hataki. Mmoja alimkabidhi kopo limejaa hadi kifuniko kimegoma, akamwambia ikionekana dhahabu humo wagawane nusu kwa nusu.

Lakini ni Geita hiyo hiyo iliyomletea balaa Mwanguyu.

Mwanzoni mwa mwaka, kijana mmoja wa kitongoji hicho, Januari, alirudi nyumbani kutoka machimboni. Jioni moja kilabuni, pombe ikiwa imemkaa vizuri, aliwasimulia wenzake kwamba kuna mwenye duara huko, yaani mmiliki wa shimo la dhahabu, anayenunua choo cha mtoto wa kijijini. Anakizika mdomoni mwa shimo, mwamba unalainika kama ugali, dhahabu inatoka yenyewe. Mtoto, akaongeza, hukonda polepole.

"Nilikuwa natania," anasema Januari, akiwa anatazama viatu vyake. "Kesho yake nikaisikia stori yangu mwenyewe kwa mama mmoja kisimani, imeongezwa mpaka bei. Niliogopa hata mimi."

Wiki iliyofuata Mageni akaingia Mwanguyu na deli lake.

Kwa Msukuma wa kizazi cha Bibi Serafina, hili si jambo la kilabuni. Nywele zako, kucha zako, udongo uliokanyaga, na hicho kingine, haviachwi ovyo, maana mwenye nia mbaya akivipata amekupata. Sasa anakuja mtu na pikipiki, hana ukoo hapo, anaomba choo cha wajukuu, anakiweka kwenye barafu kisiharibike, na anakiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba kila mwezi huenda Geita.

Kumkataa nako kulikuwa kugumu. Alikuja na barua ya serikali ya kijiji, alikuwa na adabu, alisalimia wazee "mwangaluka" kabla ya kingine chochote. Mgeni wa namna hiyo haondoki mikono mitupu.

Kwa hiyo hakuondoka mikono mitupu. Kila nyumba ilimpa kopo. Watoto thelathini na mmoja, vikopo thelathini na kimoja, ndani ya siku mbili. Mageni hakuwahi kuona ushirikiano wa namna hiyo tangu azaliwe. Alimpigia simu bosi wake kuwasifia.

Maabara nako mambo yakawa mazuri kupita kiasi. Loveness, mtaalamu anayekaa kwenye hadubini kutwa nzima, hupaka kila sampuli rangi, na vimelea vikiwepo huonekana kama punje nyekundu juu ya uwanja wa kijani. Za Mwanguyu zilimetameta. Kitu kimoja tu kilimsumbua, naye alimuuliza Mageni: mbona choo cha watoto wale kina nyuzi za majani?

"Nikamwambia ni mlenda," anasema Mageni. "Nilimjibu kwa kujiamini kabisa."

Sampuli zikapelekwa kwenye maabara kubwa inayosoma vinasaba, ambayo hutofautisha kimelea cha aina ya binadamu na cha aina ya ng'ombe. Majibu yaliporudi, mkuu wa mradi, Dkt. Euphrasia Mwigulu, aliita kikao. Watoto ishirini na wawili wa Mwanguyu walikuwa na kimelea cha aina ya ng'ombe, aina ambayo kwa watu wa huku haipatikani sana. Si hivyo tu. Katika kila nyumba, kimelea cha mtoto na cha ndama wa nyumba hiyo vilifanana kama pacha, bila tofauti hata moja.

Daktari alisema katika miaka kumi na minane ya kazi hajawahi kuona mfanano safi namna hiyo. Akaanza kuandaa picha za kuonyesha kwenye mkutano wa wanasayansi Arusha. Mageni akaahidiwa mkataba mpya, maana wa zamani ulikuwa unaisha Juni.

Furaha hiyo ilidumu siku tisa.

Siku ya kumi, Jumamosi, Mageni alikwenda Mwanguyu kuchukua sampuli za marudio. Alikuwa amesema atafika saa nne. Kwa bahati mbaya, au nzuri, barabara ilikuwa kavu na akafika saa moja na nusu. Alipozunguka nyuma ya nyumba ya Nelly, alimkuta mama huyo ameinama na kijiko chake cha mradi, mkono mmoja umeshika mkia wa ndama.

Mageni anasema alisimama pale kwa muda akijaribu kutafuta maelezo mengine. Hakuyapata.

"Mama Ndaki," akamwambia, "huyo si Ndaki."

Nelly hakugeuka. "Naye ni wa nyumbani," akajibu.

Ndama anayenyonya, ni vyema msomaji akajua, hutoa kinyesi laini cha njano ambacho hakina tofauti kubwa na cha mtoto mwenye tumbo baya. Ndiyo maana Mageni hakushtuka mara ya kwanza. Majani ni yale machache ndama anayojaribu kutafuna akiiga wakubwa. Mlenda haukuhusika.

Nelly alipoona hakuna pa kukimbilia, alimuita mama mkwe wake. Bibi Serafina akatoka, akapokea shikamoo, akaeleza mpango wote bila aibu hata kidogo, kwa sababu ulikuwa wake na aliuona ni mzuri. Kila nyumba ilishauriwa hivyo. Mgeni apewe, asikasirike. Watoto wabaki salama.

"Ndama hana adui," Bibi Serafina anaeleza hadi leo, kama mwalimu anayerudia somo kwa mwanafunzi mzito. "Hana jirani, hana mke mwenza, hajadai urithi wa mtu. Nani atahangaika kumloga?"

Kufikia saa nane mchana Mageni alikuwa amepita nyumba zote, na karibu zote zilikiri, nyingine kwa kicheko. Mtoto na ndama wa Mwanguyu walifanana kama pacha kwa sababu walikuwa ndama yule yule, amechotwa mara mbili.

Hapo ndipo simulizi inapomkaba Mageni mwenyewe shingoni. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye na kitongoji, na kitongoji hakikuwa na mpango wa kusafiri kwenda Arusha. Akinyamaza, anapata mkataba. Akisema, anaubomoa ushindi wa bosi wake kwa mkono wake, na mtu anayeleta habari ya namna hiyo huwa hapewi soda.

Jumapili baada ya kanisa alimweleza mkewe, Rebeka, ambaye anauza vitenge sokoni na hana subira na mambo marefu. Rebeka alimwambia ameajiriwa kukusanya choo, hakuajiriwa kukijua kwa majina. Akaondoka kwenda kupika. Baada ya dakika tano akarudi na mwiko mkononi, akauliza swali moja: yule mtoto anayeharisha miezi miwili, ambaye majibu yake ni ya ndama, anaumwa nini?

Mageni anasema chakula cha siku hiyo hakukisikia ladha.

Jumatatu saa mbili asubuhi alisimama mbele ya meza ya Dkt. Euphrasia akasema yote. Daktari ni mwanamke mfupi, mwenye miwani, ambaye hata akikusalimia unahisi umekosea. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaifunga kompyuta yake polepole.

"Watoto wangapi?" akauliza.

"Wote, daktari. Isipokuwa wawili."

"Hao wawili ni watoto kweli?"

"Mmoja ni mtoto, wa mwenyekiti wa kitongoji. Mwingine ni mbuzi. Ile nyumba haina ndama."

Dkt. Euphrasia akainuka, akatoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji akiwa amewapa wote mgongo. Loveness, aliyekuwa akichungulia dirishani, anaapa kwamba mabega yake yalikuwa yakitikisika. Hadi leo maabara imegawanyika kuhusu kama alikuwa analia au anacheka.

Aliporudi alikuwa mkavu. Picha za Arusha zimefutwa. Mageni ana siku kumi. Arudi Mwanguyu alete sampuli za watoto wenyewe, wote thelathini na mmoja, kila moja na shahidi. Si thelathini. Akipungukiwa hata na mmoja, mtu atauliza huyo mmoja amefichwa kwa nini, na hakuna atakayeiamini tena takwimu ya kitongoji hicho.

"Nilimuuliza nitawashawishije," anasema Mageni. "Akaniambia, wewe ndiye uliyemjibu Loveness mlenda. Una kipaji."

Kikao cha kitongoji kikafanyika Jumatano, nje ya ofisi ya mwenyekiti, mbele ya watu wasiopungua themanini. Mageni alieleza kuhusu kimelea, akaonyesha picha, akaeleza lambo na ndama na maji ya kuchemsha. Walimsikiliza kwa upole, kama watu wanavyosikiliza tangazo la sabuni. Januari alisukumwa mbele akakiri kwamba habari ya mwenye duara aliitunga kilabuni. Haikusaidia. Mtu mmoja alisema ni kawaida, waliolipwa huwa wanakana.

Ndipo Bibi Serafina akasimama. Hakutaka kujua habari za kimelea. Alikuwa na swali moja tu.

"Ng'wanone," akamwambia Mageni, yaani mwanangu, "wewe una vya kwetu vyote kwenye barafu. Cha kwako kiko wapi?"

Lilikuwa swali zuri, na Mageni alijua ni zuri.

Masharti yakapangwa pale pale. La kwanza, maabara ichukue kiasi cha punje ya mtama, na kinachobaki kirudishwe Ijumaa na kuchomwa shimoni, Mwanguyu, mbele ya wenyewe. Chochote kisilale Geita hata siku moja. La pili, kabla mtoto yeyote hajatoa, Mageni atoe cha kwake, mbele ya mashahidi, kopo liandikwe jina lake kamili na la baba yake, nalo likabidhiwe kwa Bibi Serafina kama rehani. Mtoto wa Mwanguyu akidhurika, wanajua pa kulipeleka.

Mageni anasema alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyofikiri siku ya kuoa.

"Mimi uchawi siuamini," anasema. "Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba uchawi unasubiri niuamini kwanza."

Alhamisi asubuhi alikwenda na kopo kwenye choo cha mwenyekiti. Wazee watatu walisimama nje, mmoja akiwa na saa. Mageni, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akiwaambia watoto wa watu wajitahidi kidogo, aligundua kwamba si jambo rahisi kama linavyoonekana ukiwa umeshika kijiko. Dakika arobaini. Mzee mmoja alimpelekea uji.

Kopo lilipotoka, Bibi Serafina alilipokea kwa mikono miwili, akalikagua, akasema "wabeja", yaani asante, akalifunga kwenye kitambaa cheusi na kwenda kulificha mahali anapopajua yeye peke yake. Daktari aliomba tu lifungwe vizuri na likae mbali na jiko.

Tangu hapo milango ikafunguka. Watoto sita siku hiyo, tisa iliyofuata. Akina mama wakawa wanampigia simu wenyewe, saa nyingine kwa sauti ya dharura, kwamba awahi, mtoto ameanza. Kufikia siku ya kumi, vikopo vilikuwa thelathini.

Na ndipo tunaporudi kwa Ndaki na poti yake ya kijani.

Saa tatu, amemaliza michembe. Saa nne, amelala akiwa ameketi. Saa sita, mama yake anampa maziwa, naye Mageni anampa maji, na majirani wawili waliokuja kuazima chumvi wameamua kubaki. Saa nane, Mageni ameacha kubembeleza. Anamsimulia Ndaki kuhusu mkataba wake unaoisha Juni, kodi ya vyumba viwili, na ada ya shule. Ndaki anasikiliza kwa makini.

Saa tisa na dakika ishirini, vumbi la gari linaonekana kwa mbali. Bibi Serafina anainuka kwenye kigoda, anamwinamia mjukuu wake, anamnong'oneza kitu sikioni kwa Kisukuma. Hataki kusema ni nini.

Ndaki anakunja uso.

Dkt. Euphrasia anashuka kwenye gari na kukuta watu kumi na wawili wamezunguka poti, wanapiga makofi.

Ijumaa hiyo mabaki yalirudi. Shimo lilichimbwa nyuma ya ofisi ya mwenyekiti, mafuta ya taa yakamwagwa, na Mageni akawa anasoma namba moja moja. Mwenye namba huitika "nipo", anakitazama kikopo chake, anakitumbukiza mwenyewe. Mama mmoja alikataa cha kwake hadi kifunguliwe ahakikishe. Alihakikisha. Hakuna aliyerudia ombi hilo.

Majibu ya safari hii yalichukua wiki tano, na hayakuwa ya kumetameta. Watoto tisa, si ishirini na wawili, ndio waliokutwa na kimelea. Kwa sita kilikuwa cha aina ya binadamu, ile inayotoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa mikono na maji machafu. Watatu tu ndio waliokuwa na cha ng'ombe.

"Ni matokeo madogo," anasema Dkt. Euphrasia. "Ila ni ya watoto." Ndiyo aliyokwenda nayo Arusha, na walioyaona wanasema picha yake ya kwanza ilikuwa ya mbuzi.

Mmoja wa wale tisa alikuwa Ndaki. Kituo cha afya kilimpa dawa, ORS na vidonge vya zinki, na Nelly akaambiwa mtoto asinywe tena tone la maji ya lambo ambalo halijachemka. Alipopimwa wakati tumbo linaanza, alikuwa na kilo kumi. Sasa ana kumi na mbili na nusu, na amejifunza kufungua zizi la ndama, jambo ambalo familia ingependa asilijue.

Kitongoji kimezungushia miiba upande mmoja wa lambo ili mifugo inywe kwingine. Sufuria za kuchemshia maji zimeanza kuonekana mekoni, ingawa Nelly analalamika kuhusu kuni, na hakosei, maana Kishapu kuni si za kuokota.

Mageni amepewa mkataba wa mwaka mmoja. Novemba atakaa tena kwenye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kurudia Kemia, somo lililomkataa akiwa na miaka kumi na tisa. Akilipata, anataka kuomba chuo cha maabara, ili siku moja akae yeye kwenye hadubini na mtu mwingine ndiye achuchumae.

Kuna jambo moja tu limebaki. Vikopo vyote vya Mwanguyu vimechomwa, isipokuwa kimoja. Mageni alikwenda kukiomba, kwa heshima zote, na soda mbili mkononi. Bibi Serafina alipokea soda. Akamwambia rehani hairudishwi kabla deni halijaisha, na wataalamu wenyewe ndio waliosema kimelea hiki huwasumbua zaidi watoto chini ya miaka mitano. Ndaki akifikisha mitano, wataongea.

Kwa hiyo kila Jumamosi, akiwa na kazi au hana, Mageni huendesha pikipiki hadi Mwanguyu. Anafunua sufuria ya maji na kungoja aone mapovu. Anaangalia kucha za Ndaki, anamnawisha mikono, anampima uzito kwa mzani wa pamba wa jirani. Nelly anasema hata baba yake mtoto hamfuatilii hivyo.

"Imebaki miaka miwili kasoro miezi mitatu," anasema Mageni, akimtazama mtoto huyo anavyokimbia kuelekea zizini. "Naomba Mungu akue, anenepe, asikohoe hata mara moja. Hakuna mtu katika wilaya hii anayempenda Ndaki kuliko mimi."